Tenti ya kuuzia kazi za mikono Lamu: nimezijaribu mbili kwenye upepo wa kusi

Asalaam aleikum jamaa zangu, na shikamooni wazee mnaotazama. Leo siko nyumbani, niko ufuoni Shela, saa kumi alasiri, mwezi wa saba. Huo mvumo mnaousikia kwenye maiki ni kusi yenyewe, na nimeingojea makusudi, maana tenti yoyote ni nzuri ukiijaribu uani penye kuta nne.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua nasuka mikoba ya ukili na mikeka, naiuza kwenye maonyesho hapa kisiwani. Nyuma yangu nimesimamisha tenti mbili za kukunja, zote mita 3 kwa mita 3. Ile ya buluu ni ya chuma, nimekaa nayo misimu mitatu. Hii nyeupe ni ya alumini, nimeinunua mwaka huu. Watengenezaji siwataji, nataka mjue kuikagua wenyewe mkiwa dukani.

Lakini kwanza niwaeleze kwa nini jambo hili limenikaa moyoni. Kulikuwa na siku ya maonyesho wakati wa tanga mbili, ule wakati upepo hauna upande. Bahari shwari, sote tumejiachia. Miguu ya tenti yangu nilikuwa nimeifunga kwa mawe mawili na mfuko wa bidhaa, nikaona inatosha. Ukaja upepo mmoja tu, wa kupita. Tenti ikainuka, mikoba ikamwagika, na mguu mmoja ukampiga kijana wa jirani yangu, aliyekuwa akipanga viatu vyake vya ngozi vya Siyu. Alishonwa nyuzi nne juu ya jicho. Mama yake alinisamehe palepale, Mungu amlipe kheri, lakini hadi leo nikipita mlangoni kwao nashusha macho.

Tangu siku hiyo nimejifunza hesabu moja ambayo nataka kila mwenye meza aijue. Paa la mita 3 kwa 3 ni mita 9 za mraba. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukilipiga eneo lote hilo sawasawa, unalisukuma kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 17. Mtu atasema basi ukifika kilomita 40 itakuwa kilo 34. Sivyo! Kasi ikiwa maradufu, nguvu inakuwa mara nne, karibu kilo 70. Baba zetu waliosafiri kwa majahazi walilijua hili bila kalamu, ndiyo maana upepo ukianza kuzidi walipunguza tanga mapema. Na tenti ni tanga. Ukiteremsha kuta zake tatu ukaacha upande mmoja wazi, na upepo ukaingilia upande huo, umetweka tanga lisilo na nahodha.

Kwa hiyo mimi naanza na uzito, kabla hata ya tenti yenyewe. Pale uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome ya Lamu huwezi kupigilia vigingi, huu ni mji wa kale ulio kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, hatuitoboi sakafu yake kwa ajili ya meza ya siku mbili. Hapa mchangani nako kigingi kifupi kinachomoka kama jino bovu. Natumia jerikeni za lita 20, moja kwa kila mguu. Zikijaa ni kilo 80 jumla, na uzuri wake nazipandisha mashuani au juu ya punda zikiwa tupu, nazijaza nikifika. Nazijaza maji ya bahari. Tafadhalini, msijaze maji ya kisima, na msichote mchanga wa vilima hivi mnavyoviona, kwa sababu maji matamu tunayokunywa Lamu yanahifadhiwa chini ya michanga hii ya Shela.

Mwenye nafasi ya kuweka vitu nyumbani atengeneze ya zege. Kata bomba la PVC la inchi 4, urefu wa mita moja, lijaze zege, chomeka ndoano juu kabla halijakauka. Utapata kama kilo 19 kwa kila bomba, na linasimama sambamba na mguu bila kumkwaza mteja.

Sogea hapa mwanangu, waonyeshe kona hii ya juu. Hapa ndipo kamba inapofungwa, kwenye kona ya fremu, ikateremka imekazwa hadi kwenye jerikeni. Wengi wanafunga chini kwenye unyayo tu. Ukifunga chini peke yake, upepo unaweza kung'oa paa na vyuma vyake vinavyopishana, miguu ikabaki imesimama. Na usifunge kwenye kitambaa, kitachanika. Jerikeni nayo isining'inie ikipepesuka, ikae chini, kamba iwe imevutika.

Haya, tenti zenyewe. Ukiwa dukani usitazame rangi, tazama maungio. Hivi vyuma vinavyopishana kama mkasi, vishike katikati uvikandamize kwa kiganja. Ya buluu, mnaona? Inapinda, na hapa kwenye kona kishikizo ni cha plastiki, jua limekikausha, kina ufa. Nyeupe kishikizo chake ni cha alumini, na bolti ni za chuma kisichoshika kutu. Hilo uliza hasa, kwa sababu bolti ya chuma cha kawaida kwenye hewa hii ya chumvi inashika kutu upesi. Hata hivyo kagua maungio, maana alumini ikigusana na chuma chochote kwenye chumvi inaweza kuliwa pale pale, unaona unga mweupe. Buluu kutu imeanzia kwenye matundu ya vitufe vya kurefushia miguu. Rangi ya nje bado inang'aa, ndani kumeoza. Ningekuwa nimeifuta kwa kitambaa cha maji matamu kila baada ya shughuli, ingedumu zaidi, lakini bado kwa mtu wa pwani chuma sikishauri.

Alumini ni nyepesi, mimi na mwanangu tunaibeba wawili. Wepesi huo huo ndio unaorahisishia upepo kazi, basi usidhani tenti ghali inajishikilia yenyewe.

Kitambaa kina namba, kama 300D au 600D. D ni denia, uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000, kwa hiyo namba ikipanda, uzi ni mnene zaidi. Nyeupe yangu ni 600D. Na rangi, dada zangu, msiipuuze! Chini ya paa la buluu kila kitu kinakuwa cha buluu. Mteja alinunua mkoba kwangu akidhani ni wa kijani kibichi, akautoa juani, akarudi. Alikuwa na haki. Weupe hausemi uongo.

Mvua ikinyesha, sukuma maji kutoka ndani kabla hayajatuama. Lita 100 zilizokaa juu ya paa ni kilo 100, fremu hizi hazikuundwa kwa hilo. Jirani anayekaanga viazi karai muombe kwa upole asogeze jiko, kitambaa hiki kikishika moto hakisubiri.

Mimi nabaki na nyeupe. Ile buluu nitaifungua, vyuma vizima nivifanye vya kutundikia mikeka.

Kabla hatujafunga, jaribio la mwisho. Mwanangu, fungua kamba ya jerikeni ya kona hii inayotazama bahari, moja tu. Mimi nimeushika mguu kwa mikono miwili. Ngojeni... huo unakuja. Mmeona? Umeachana na mchanga, kama shubiri, na bado nimeushika! Rudisha, mwanangu, rudisha upesi. Funga. Sasa tuvue kitambaa kwanza kisha tukunje, upepo unazidi.