Dodoso au mazungumzo: kupima jeraha la moyo Tanga

Mzee mmoja wa Tongoni alinusurika ngalawa ilipopinduka. Nilimsomea dodoso la PCL-5, la kupima jeraha la akili libakialo baada ya tukio la kutisha, maswali 20, kila moja likipewa alama 0 hadi 4. La ndoto mbaya alilijibu "hapana" pale pale, na kikombe cha kahawa kinamtetemeka mkononi.

Siku ya pili niliacha karatasi. "Shikamoo mzee. Haya yaliyokupata, mwenyewe unayaitaje?" Akanyamaza kitambo. "Bahari imenikataa, mwanangu. Usiku naitwa." Kwake ile haikuwa ndoto, ilikuwa wito. Wala hakunidanganya.

Swali hilo limo katika usaili wa utamaduni wa DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013. Usaili huo una maswali 16: tatizo unaliitaje, limetokana na nini, umetafuta msaada wapi. Hapo ndipo mtu hutaja mganga, kisomo, kombe (maji ya aya zilizoandikwa na kufutwa, hunywewa kama dawa), na aibu ya mwanamume kulia mbele za watu. Unakula muda, na majibu yake hayajumlishiki.

Dodoso ni jepesi, na jumla yake, 0 hadi 80, huonyesha nafuu mwezi hadi mwezi. Ila mpaka wa alama 31 hadi 33, ambao kuanzia hapo jeraha hudhaniwa lipo, ulitokana na askari wastaafu wa Marekani, si wavuvi wetu.

Mimi naanza na mazungumzo. Dodoso nililirudia wiki ya tatu. Tulipofika kwenye ndoto, mzee aliuliza, "Ndiyo kule kuitwa?" Nikaitikia. Akasema 4.