Pipi "bila sukari" kwa mwenye kisukari: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukiona "bila sukari" kwa herufi kubwa, igeuze pakiti kabla hujaitia kikapuni. Nyuma, kwenye viambato, ndiko walikoandika walichoweka badala ya sukari, na hapo ndipo bidhaa hizi zinapoachana mbali.

Mimi naanza na chingamu na pipi za minti zenye zailitoli (E967, namba ya kiambato utakayoiona kwenye orodha). Sukari ya damu huipandisha kidogo sana, na haiozeshi meno, jambo zito kwa mtu ambaye kisukari tayari kinamsumbua fizi. Zifungie mbali na mbwa tu, kwani zailitoli yaweza kumuua.

Zinafuata pipi ngumu za stevia (E960) au sukralozi (E955). Sukralozi ni tamu kuliko sukari mara 600 hivi, kwa hiyo huwekwa chembe tu. Chembe haijazi pipi, basi kiwandani huongezwa kitu cha kuipa umbo, mara nyingi isomalti (E953), kitamu kingine chenye kalori zake. Soma orodha hadi mwisho, usiishie kwenye jina unalolijua.

Kwa chokoleti, chagua nyeusi yenye erithritoli (E968). Erithritoli yenyewe haipandishi sukari na kalori zake ni kama hakuna. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2023 uliona kuwa wenye erithritoli nyingi kwenye damu walipata zaidi mshtuko wa moyo na kiharusi. Haujathibitisha kwamba ndiyo iliyosababisha, lakini mwenye shida ya moyo amuulize daktari wake kwanza.

Ya mwisho kabisa naiweka maltitoli (E965), nayo ndiyo imejaa kwenye chokoleti na biskuti za "wenye kisukari". Ikifika tumboni, sehemu yake huvunjwa ikawa glukosi. Chokoleti yenye gramu 40 za maltitoli hukupa kalori kama 84 kutokana na maltitoli pekee. Sukari ya uzito huo ingekupa 160. Umepunguza, hujaondoa. Isiyosagwa hushuka kwenye utumbo mpana, bakteria wakaichachusha, na ukila nyingi utapata gesi na kuharisha. Kwenye biskuti kuna pia unga wa ngano, ambao ni wanga vilevile. Angalia jumla ya wanga, na ukiionja mara ya kwanza pima sukari saa mbili baadaye.

Kashata za sukari guru, halua ya tende na pipi za asali sizipangi humu. Hata zikiitwa za asili, hiyo ni sukari.

Na kama unachoma insulini au unameza glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari), weka mfukoni pipi ya sukari halisi au glukosi. Sukari ikishuka, ukaanza kutetemeka na kutoka jasho, hizi zote nilizozisifu hazitakusaidia. Unahitaji vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, au nusu glasi ya soda ya kawaida, kisha upime tena baada ya dakika 15.