Karakana za wachongaji Lamu mjini: hapa umri si kipimo

Kwa mzazi anayetafuta mahali pa kumkomaza kijana, karakana za milango za Lamu mjini zina sifa moja kubwa: wa miaka 19 anaweza kumtangulia wa 25. Kinachotazamwa ni hatua aliyofika.

Huanza na kunoa patasi. Kazi yaonekana ndogo, lakini patasi butu haikati, inararua nyuzi za mbao, na ua la nakshi likishararuka msasa hauliokoi. Kisha huchora nakshi kwa penseli, huchonga mabaki ya mbao, ndipo apewe fremu. Mfaa, ule mwimo wa katikati, huachiwa anayejua kufuata mkondo wa nyuzi na kugeuza patasi kabla ubao haujachanika.

Hatua ya utu uzima hasa haiko mkononi. Ni kutambua mbambakofi au mvule ambao haujakauka. Mbao mbichi hunywea, viungo vikaachia, mlango ukapinda. Anayeikataa hata mteja akiharakisha, huyo amekua, na anafaa kukabidhiwa mwanagenzi wa kumfunza.

Kasoro: ni vigumu kwa mzazi kujua kijana yuko hatua gani, maana hakuna karatasi inayoonyesha. Uliza mapema nani ananunua vifaa na malipo yanaanza hatua ipi. Kitambulisho cha taifa hutolewa kuanzia miaka 18, kwa hiyo aliye chini ya hapo makubaliano yake yaandikwe kwa jina la mzazi.