Huduma ya kukokotoa saizi ya valvu: uzoefu wangu hapa Nyakato

Mimi ni fundi kwenye kiwanda cha mafuta ya pamba, Mwanza. Mafuta yetu tunayapooza kwa maji ya ziwa, na valvu ndiyo inayoamua maji yapite kiasi gani.

Ile ya kwanza tuliinunua kwenye duka ambalo swali lao lilikuwa moja tu: "Bomba lako inchi ngapi?" Nikasema tatu, wakaleta ya tatu. Miezi minane nimehangaika nayo. Ikifunguka kidogo tu, mafuta yanapoa kupita kiasi. Ikifunga, joto linapanda. Kutwa nzima pshh, pshh, kama mtu anayefukuza kuku. Haikuwahi kufunguka kuvuka asilimia 10. Nilipoifungua, kiti chake, pale kizibo kinapokaa ikifunga, kilikuwa kimechimbika mistari, ukucha unazama.

Jamaa yangu wa kiwanda cha samaki akanipa namba ya mhandisi anayekokotoa saizi kwa ada. Kabla ya lolote akanipa kazi: nipime presha ya kuingia na ya kutoka pampu ikiwa inazunguka, si ile iliyoandikwa kwenye kibao cha pampu. Geji moja ilikuwa imekufa siku nyingi, nikaazima. Nikapata bar 5 na bar 1. Maji ni meta za ujazo 16 kwa saa kazi ikipamba moto, 5 ikipungua.

Hesabu yenyewe wala si uchawi: bar 5 toa bar 1 ni 4; 16 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 4, unapata Kv 8, yaani meta za ujazo za maji ambazo valvu ingepitisha kwa saa presha ikishuka bar 1 tu. Valvu yetu ilikuwa na Kv 100! Akashauri ya inchi moja na nusu, Kv 25, ambayo ikikaribia kufunga inaongeza maji kidogo kidogo, na ikizidi kufunguka inaongeza kwa kasi. Bosi alicheka kuona kavalvu kale katikati ya bomba nene.

Sasa inacheza kati ya asilimia 40 na 70, joto limetulia. Kelele kama za kokoto bado zipo kwa mbali, na alishanitahadharisha: presha ikishuka bar 4 ni bar 4, kubadili saizi hakuziondoi. Ndiyo maana alichagua kiti cha chuma kigumu.

Nampa nyota nne. Ya tano nimeibana kwa sababu hakunitajia kwamba nitahitaji ridusa mbili, vile vipande vya kuunganisha bomba nene na valvu ndogo. Siku tatu tumeendesha kwa baipasi, bomba la pembeni linaloizunguka valvu, kijana wangu akizungusha gurudumu kwa mkono, macho kwenye kipimajoto, mimi nazunguka mjini kutafuta flanji.