Nyiragongo na Pinatubo: mabamba yanaachana, mabamba yanazamiana

Batu ya huku Goma tukisikia volkano tunawaza Nyiragongo tu, lakini zote haziko sawa, inategemea mabamba ya dunia, vile vipande vikubwa vya ganda lake, yanafanya nini kule chini. Kwetu yanaachana, Bonde la Ufa linapanuka milimita chache kwa mwaka, ardhi inapasuka na moto wa chini unapata njia. Lava ya Nyiragongo iko na silika (madini yenye kufanya lava iwe nzito) kidogo sana njo maana inakimbia kama maji, gazi inatoka bila shida, mlima haulipuki sana ila unapasuka ubavuni: 1977, 2002, na tena tarehe 22/5/2021 usiku lava ikashuka mpaka Buhene, karibu na uwanja wa ndege.

Pinatubo ya Ufilipino ni ingine kabisa. Kule bamba la bahari linazama chini ya lingine na maji yake, yale maji yanayeyusha mawe ya chini, lava inakuwa nzito, gazi inafungiwa mpaka mlima unalipuka, kama Juni 1991, na dunia nzima ikapoa karibu nusu digrii.

Kwa nguvu Pinatubo inapita mbali. Lakini ya kwetu naiogopa zaidi, juu Pinatubo ilitoa dalili wiki nyingi na batu wakahamishwa, yetu ya 2021 haikutoa alama ya wazi mbele.

Angalia makoro, yale mawe ya lava, kwenye ukuta wa parsele (kiwanja) yoyote hapa mjini, matundu madogo madogo yale, gazi ilipitia mule. Jiwe la Pinatubo lenyewe limejaa mapovu, jepesi, linaelea juu ya maji.