Rejeta ya Land Cruiser HZJ75: ya plastiki, ya shaba mpya, au kubadilisha sega tu? Uzoefu wangu Bukavu

Rejeta hizi tatu zote nimezifunga kwenye gari moja: Land Cruiser HZJ75 yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, gia za mkono. Kazi yake ni kupandisha magunia ya mpunga kutoka bonde la Ruzizi, Kamanyola hadi Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa njia ya mlima wa Ngomo: gia ya pili karibu mlima mzima, mwendo wa kutambaa, upepo wa mbele hakuna. Rejeta dhaifu huumbuka pale.

Nianze na hukumu, mwenye haraka aende zake. Ya alumini yenye matangi ya plastiki sitairudia. Ya shaba ya kuiga inafaa, mradi uikague dukani kwa ukali. Iliyonifaa kuliko zote ni matangi yangu ya zamani kutiwa sega jipya, yaani ile sehemu ya katikati yenye mirija na mapezi.

Lakini kabla hujatoa dola, hakikisha mgonjwa ni rejeta kweli. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, iwashe, angalia maji mdomoni. Mapovu yakija mfululizo bila kukoma, au ukikirudisha kifuniko na mpira wa juu wa kupitisha maji ukakakamaa ndani ya dakika moja wakati maji bado ni baridi, hiyo ni jointi ya kulasi, yaani gasketi ya kichwa cha injini, na rejeta mpya haitakusaidia kitu. Joto likipanda ukiwa umesimama au unatambaa tu, kisha likashuka ukishika mwendo, tazama feni kwanza. Zima injini ikiwa ya moto, uizungushe feni kwa mkono: inatakiwa ikaze kidogo. Ikizunguka yenyewe kama pangaboi, kilachi yake ya silikoni imekwisha. Rejeta iliyoziba ina tabia yake: mjini inavumilia, mzigo na mlima vikikutana sindano ya joto inapanda. Ukizima na kupitisha kiganja karibu na sega, utahisi mabaka ya baridi katikati ya joto. Hapo mirija imeziba.

Na kifuniko! Bukavu tuko mita 1,500 na ushee juu ya usawa wa bahari, maji matupu yasiyobanwa huchemka huku kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko cha shinikizo la baa 0.9 kikishika vizuri kinasogeza kiwango hicho hadi nyuzi 115 hivi. Mpira wake ukichakaa umepoteza nyuzi 20, na nimeona watu wakinunua rejeta nzima kwa ajili ya kasoro hiyo ndogo.

Haya, ya alumini. Ikiwa mpya inapoza vizuri sana, siwezi kuisingizia. Ni nyepesi, na nilikopata mimi bei yake ilikuwa karibu nusu ya ile ya shaba. Tatizo ni kwamba tangi la plastiki limeshikwa na meno ya alumini yaliyokunjwa juu ya ukanda wa mpira. Fremu ya gari la zamani hujipinda kwenye mashimo, na kila ikijipinda ile kona inavutwa. Kwanza unaona jasho tu, kisha tone, kisha unabeba jerikani kila safari. Plastiki nayo hugeuka rangi ya kahawia karibu na mdomo wa juu unapoingia maji ya moto, halafu inapasuka papo hapo. Fundi wetu wa kulehemu kwa risasi hana la kufanya hapo, na gundi haidumu kwenye moto na shinikizo. Ongeza desturi ya kujaza maji ya ziwa. Maji ya Kivu yana ukali wa magadi, pH yake huzunguka 9, na yamejaa madini. Yanaacha ukoko kama wa ndani ya birika, na alumini haipatani na maji ya namna hiyo.

Ya shaba ya dukani, nenda na rejeta yako ya zamani mkononi, usiende na picha. HZJ75 na PZJ75 ya silinda tano kwa macho ni ndugu, lakini usikubali neno la muuzaji kwamba “zote sawa”: pima urefu, upana, unene wa sega, masikio ya kufungia na pale midomo ilipo. Beba sumaku na msumari. Sumaku ikinasa kwenye tangi, hilo ni bati la chuma lililopakwa rangi nyeusi, litaoza. Kwaruza kidogo pembeni: njano ya shaba ionekane. Kisha pitisha kidole kwenye ukingo wa mdomo wa mpira. Lazima uhisi kigongo kinachouzunguka mdomo. Mdomo laini bila kigongo, mpira utachomoka siku ya shinikizo hata ukiukaza kwa klipu mbili. Ukiona matundu mawili madogo ya ziada chini, hiyo ni ya gari la gia za otomatiki, ni ya kupozea mafuta ya gia. Kwa gia za mkono utayaziba tu. Koki ya plastiki ya kumwagia maji ibadilishe na ya shaba mapema.

Sasa kubadilisha sega. Fundi anayeyusha risasi, anang'oa matangi, anayasafisha, anayabandika kwenye sega jipya. Chagua safu tatu za mirija. Safu nne nilishawishiwa nikakataa: safu ya nyuma hupokea hewa iliyokwisha pata moto mbele, tope likiingia ndani halitoki, na unene unasogea kwenye feni. Acha angalau sentimita 2 kati ya feni na sega. Mapezi nayo yasibanane mno. Mapezi ya kubanana ni ya barabara ya lami.

Kazi ikiisha usiichukue bila kupimwa mbele yako. Ziba midomo, izamishe kwenye nusu pipa la maji, tia hewa kwa pampu ya baiskeli yenye geji hadi baa 1, si zaidi, ungoje dakika kumi. Fundi mmoja alinipimia kwa kompresa ya matairi bila geji, tangi la juu likavimba na kazi ikaanza upya. Tindikali ya kulehemu ioshwe ndani na nje, la sivyo italila sega polepole.

Kabla ya kufunga, fungua koki ya kwenye bloku ya injini na usukume maji hadi yatoke meupe. Kutu ya bloku ikiachwa itaziba mirija mipya mwanzo kabisa. Mipira inayokalia rejeta iwe mipya, ile iliyokauka hupitisha mtikisiko wote kwenye masikio. Kava la feni lirudi mahali pake; wengi hulitupa, ndipo feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kupitia sega. Thamostati, vali inayofungulia maji njia injini ikipata moto, irudi pia, hata fundi akinung'unika.

Maji ninayotumia ni ya mvua, yamechujwa kwa kitambaa, nusu kwa nusu na kipoozi cha dukani. Mvua Bukavu si ya kununua. Jaza gari likitazama juu, na kilima huku hakikosekani: hita wazi, injini ikinguruma polepole, kifuniko wazi hadi thamostati ifunguke na maji yashuke, uongeze. Hewa ikibaki ndani, sindano inaweza kuonyesha chini huku injini inaungua, kwa sababu kisoma joto kimekaa kwenye hewa. Likipoa, kaza klipu tena.

Lawama yangu kwa njia hii ni muda tu: siku mbili gari juu ya mawe, na sega zuri la safu tatu halipatikani kila wiki. Ngomo gari linapanda na magunia yake, sindano inatulia katikati. Tope likikauka kwenye mapezi, lioshe kwa maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya shinikizo inayalaza mapezi yote.