Nembo ya siagi yangu ya karanga: nimelipia mara mbili

Natengeneza siagi ya karanga nyumbani, Dodoma, huu mwaka wa nne. Nembo nimelipia mara mbili, na ninaowaandikia ni wenzangu wanaotaka kulipia ya kwanza.

Ya kwanza nilitengenezewa na duka moja la uchapaji mjini kwa shilingi 20,000, nikaondoka nayo ndani ya saa moja. Nilifurahi kweli. Ilikuwa na karanga inayotabasamu, kinu na mchi, jua linachomoza, majani mawili ya kijani, na jina kwa mwandiko wa mikogo. Kwenye kompyuta yao ilipendeza. Nilipoipeleka kwa mchonga mihuri akaniambia, "Mama, hapa litatoka doa." Na doa likatoka. Kwenye kile kiduara cha picha ya WhatsApp, jina halikusomeka hata kidogo.

Kilichoniuma hasa ni Nane Nane, pale viwanja vya Nzuguni. Meza ya tatu kutoka kwangu alikuwepo dada anauza karanga za kukaanga, na kwenye pakiti zake ipo karanga ileile, na tabasamu lilelile. Hakuniibia. Mchoro ulikuwa wa kiolezo cha bure kwenye programu ya simu, yeyote anauchukua, na wote wawili tulipewa huo huo. Mteja wangu wa miaka miwili alinunua kwake akidhani ananiungisha mimi.

Fundi wangu wa cherehani ndiye aliyenielekeza kwa mchora nembo wa pili, kijana mmoja. Bei yake ilikuwa 200,000, nusu kabla ya kazi. Shemeji yangu akanicheka: mbona alama ya Nike ilichorwa kwa dola 35? Ni kweli, mwaka 1971, na Carolyn Davidson aliyeichora alikuwa bado mwanafunzi. Ila shemeji hakumalizia kisa. Mwaka 1983 kampuni ilimwita mama huyo ikampa hisa. Nikalipa.

Siku ya kwanza hakuchora chochote. Alinikuta jikoni nakaanga, akauliza: wanunuzi ni akina nani, dukani kopo linakaa rafu gani, lebo nachapisha wapi, jina limetoka wapi. Kisha akaenda duka la mtaani, akasimama mlangoni na kulipiga picha kopo langu likiwa rafuni. Aliponionyesha picha, sikulitambua mwenyewe.

Baada ya wiki akaleta michoro mitatu ya penseli, yote nyeusi. Alikataa kugusa rangi mpaka umbo likubalike. Jina la biashara yangu linaanza na B, ni jina la bibi yangu. Basi akaigeuza ile B ikawa ganda la karanga lililopasuliwa: matumbo mawili ya herufi ndiyo vyumba viwili vya ganda, kila kimoja na punje yake. Kinu hakipo, jua halipo. Kinu nilikitetea sana, maana bibi alitwanga karanga kwenye kinu hichohicho nilicho nacho leo. Akanijibu kwamba bibi tayari yumo kwenye B. Nikanyamaza.

Rangi ni moja tu, kahawia. Hapa nilijifunza kitu ambacho duka la kwanza halikuniambia: simu huonyesha rangi kwa mwanga, mashine huchapa kwa wino, na kahawia niliyoipenda kwenye kioo ilitoka nyekundunyekundu kwenye jaribio la kwanza. Aliirekebisha mara mbili bila kuongeza bei. Akanishauri pia niache stika za karatasi, kwa sababu mafuta ya karanga yanapenya na kuiua rangi. Sasa natumia za plastiki.

Kasoro zipo. Alichelewa siku kumi nzima, na kwenye simu hapatikani kirahisi. Tena jina lililo chini ya B alilipa herufi nyembamba mno, muhuri ukazimeza, ikabidi azinenepeshe.

Lakini mwishoni alinikabidhi kila kitu: faili la vekta, ambalo naweza kulikuza hadi bango la barabarani bila kingo kuvunjikavunjika, picha isiyo na mandharinyuma, nakala ya rangi moja kwa ajili ya muhuri, na karatasi tuliyotia saini wote kwamba nembo ni mali yangu. Duka la kwanza lilinitumia picha moja kwa WhatsApp, basi. Ukitaka kujua unalipia nini, uliza mapema utakabidhiwa mafaili gani. Mimi ningelipa 200,000 kwa hayo tu.

Karatasi ile ndiyo iliyonipa ujasiri wa kwenda BRELA, wakala wa serikali unaosajili biashara na alama zake. Nembo ya kwanza ningeisajilije, wakati karanga yake iko kwa kila mtu? Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa, na siagi ya karanga inaingia daraja la 29. Usajili wa kwanza ni wa miaka 7, halafu unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Angalizo kwa wanaouza visiwani: huu ni wa Tanzania Bara, Zanzibar unasajili kivyake. Ombi langu lilipokelewa mwezi uliopita, nasubiri.

Stika za zamani zimebaki kama mia tatu. Nabandika kwenye ndoo za stoo.